Bonde la Mabati Mapya

Sehemu ya tisa: Upande gani wa mto?

Haya. Tulimwacha Mizani mkono uko kwenye komeo, masikio yamesimama, na ndani ya nyumba isiyo na mtu kuna kitu kinahema. Wiki nzima nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kwenye foleni ya benki, na kinyozi wangu amethubutu kunishikia wembe shingoni akitaka nimwambie yeye peke yake. Sikumwambia. Leo atanunua gazeti kama wenzake.

Kilichokuwa kinahema ni mbuzi.

Msicheke. Mizani mwenyewe alitaka kucheka, akaacha alipotazama mahali aliposimama yule mbuzi. Hapakuwa na sakafu. Hapakuwa na chumba wala ukuta wa kugawa chumba. Madirisha yalikuwa matundu matupu, majani yameota ndani hadi magotini, na mbuzi anayatafuna bila wasiwasi. Juu ya yote hayo bati jipya linang'aa, halina hata doa la kutu.

Kwa aliyepotea njiani wiki zilizopita, nimshike mkono kidogo tuende naye. Huyu dada wanamwita Mizani kwa sababu kazi yake ni kupima mikoa. Nchi ni kubwa. Pembe moja inakauka mpaka ng'ombe wanalamba mawe, pembe nyingine inanyesha mpaka nguo zinaota ukungu kambani, na wenye mitaji hawana muda wa kuizunguka yote. Wanakwenda kwenye kampuni anakofanya kazi Mizani, wanauliza: tuweke pesa wapi, Kaskazini penye mifugo, Milimani penye kahawa, au Bondeni penye mpunga? Mizani analinganisha, anapanga wa kwanza hadi wa mwisho, anatoa jibu.

Na jibu lake lina ujanja mmoja alioubuni mwenyewe, ukampandisha cheo. Anatazama picha zilizopigwa kutoka angani, anahesabu mabati mapya. Mtu akivuna vizuri, alizoea kusema, kitu cha kwanza anang'oa nyasi anaezeka bati. Palipoota bati pana pesa. Bosi wake, yule mzee wa sauti ya chini wanayemwita Taratibu, alilipenda neno hilo mpaka akawa analirudia mbele ya wateja kama lake.

Mwaka huu Bonde liliota mabati kuliko mkoa mwingine wowote. Mizani akaliweka la kwanza. Kaka yake wa tumbo moja, fundi wa mashine, akauza karakana yake mjini, akambeba mkewe, akambeba na mama yao mzazi mwenye magoti mabovu, akaenda Bondeni kufungua kinu cha kukoboa mpunga. Mwanzoni alipiga simu kila siku. Baadaye simu zikawa fupi, kisha zikakatika kabisa. Ndiyo maana leo dada mtu yuko huku na viatu vya ofisini, anatazamana na mbuzi.

Alitoka akaingia nyumba ya pili. Humo hata mbuzi hakuwemo. Akaingia ya tatu, akasukuma mlango, mlango ukaanguka wote na fremu yake, maana ilikuwa imefungwa kwa waya. Kila nyumba ilikuwa na namba nyekundu iliyopakwa kwa brashi karibu na mlango. Mizani alidhani ni anwani za makazi. Alipofika kwenye nyumba ya tano alikuwa haingii tena, anachungulia tu na kupita, na jasho linamtiririka mgongoni.

Hapo akatazama chini, akaona kilichokosekana.

Nyumba yenye watu huwa na njia. Kuna njia ya kwenda chooni, njia ya kwenda kisimani, njia ya kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Watu wawe wachoyo namna gani, njia ya kwa jirani haikosi. Nyumba hizi hazikuwa na njia. Majani yalifika mpaka kizingitini, mabichi, hayajakanyagwa. Na Mizani akakumbuka, jamani, akakumbuka kwamba jambo hili alishaliona kwenye picha. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, kiyoyozi kinampuliza, akajiuliza mbona nyumba ni nyingi hivi na njia hazionekani. Akajijibu kwamba ni majani ya masika yamefunika. Akahesabu bati, akasonga mbele.

Dereva wa ofisi alimfuata mpaka pale. Ni mtu mkavu, toka mjini alikuwa hajasema sentensi iliyokamilika. Sasa alisema mbili. Kwamba Bosi amepiga tena, anataka Mizani arudi mapema. Na kwamba yeye Dereva anavusha gari ng'ambo ya mto, atamsubiri huko huko.

Mizani akamuuliza kwa nini asisubiri hapa hapa, mbona kivuli kipo.

"Naogopa matope," akasema Dereva.

Ardhi ilikuwa kavu mpaka inapasuka. Mizani akatazama vumbi kwenye viatu vyake, akamtazama Dereva, lakini Dereva alikuwa ameshageuka anaelekea garini, anatembea kama mtu anayejizuia asikimbie. Punde gari likasikika linashuka kuelekea kivukoni, kule walikovuka asubuhi juu ya mawe, maji yakipiga kelele mpaka ikabidi wazungumze kwa kupaza sauti.

Mizani akaenda kutafuta kinu cha kaka yake. Hakupata shida kukijua. Ndicho kilichokuwa na bati kubwa kuliko yote, na karibu yake palikuwa na kibanda kimoja kinachotoa moshi, moshi wa kwanza kuuona tangu afike.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa kibanda, miguu ameinyoosha. Mizani akamshika miguu, akamwamkia, mama akaitikia marahaba na kumshika mashavu yote mawili, akamkagua kama mtu anayenunua nyanya. Akamwambia amekonda. Akamuuliza kama mjini bado kuna umeme. Kisha akasema neno moja kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetoa habari za hali ya hewa.

"Huku hakuna panya, mwanangu."

Mizani akasema si ni afadhali.

"Afadhali gani? Panya anafuata chakula, na chakula kinafuata watu. Nimekaa huku tangu mvua zilipokwisha, nasikiliza kila usiku. Hakuna hata mmoja. Mahali pasipo na panya binadamu ameshaondoka."

Wifi yake akatokea nyuma ya kinu amebeba ndoo ya udongo kichwani, akaitua, akamkumbatia Mizani kwa mikono yenye tope. Huyu wifi ni mtu wa furaha, hata msibani hukosi kumsikia. Lakini leo macho yake hayakutulia, yanakwenda barabarani na kurudi. Mizani akamuuliza kaka yuko wapi. Wifi akasema ametoka alfajiri kwenda kupokea wageni, atarudi nao. Akaongeza kwa utani kwamba mume wake siku hizi ni shujaa, anavuka mto kila siku, ila anavuka amefumba macho na kumshika mtu begani. Wote wakacheka kidogo, maana katika ukoo mzima inajulikana kwamba yule kaka tangu alipoopolewa kisimani akiwa mdogo anaogopa hata maji ya kuoga.

Mizani akaingia kinuni kuona mashine.

Bati lilikuwa zuri, nguzo zilikuwa imara, na katikati ya nguzo palikuwa na udongo mtupu. Hapakuwa na mota wala mkanda. Hapakuwa na punje moja ya mpunga. Karakana nzima ya mjini, mashine za kuchomelea, jiliwa la kubania vyuma, vifaa alivyovikusanya kaka yake tangu ujana, vyote vilikuwa vimegeuka kuwa bati hili na nguzo hizi.

"Wifi, mashine iko wapi?"

Wifi akamtazama kwa mshangao wa kweli. Kisha akatabasamu, akamkonyeza, akasogea karibu kama wanaozungumza mambo ya wakubwa.

"Wifi, acha kunitania. Mashine ya nini mahali panapokwenda kuzama?"

Naomba nipumue kidogo, wasomaji. Mwanamke aliyeipima nchi nzima kwenye picha alikuwa amesimama chini ya bati la kaka yake, na hakuelewa alichoambiwa. Ikabidi wifi amweleze, na alimweleza kwa haraka, kama mtu anayerudia somo ambalo mwenzake analijua vizuri kuliko yeye. Kwamba chini huko kunajengwa bwawa, ukuta unakaribia kukamilika, na Bonde lote litakuwa ziwa. Kwamba serikali inamlipa fidia kila mwenye jengo. Mwenye bati kubwa analipwa kikubwa. Ndipo watu wakaja kutoka kila upande, wakainua kuta zisizo na kitu ndani, wakaezeka haraka, wakasubiri walipwe. Ndiyo maana ya mabati yote haya.

"Lakini wewe si unajua," wifi akasema. "Usingejua ungeliwekaje la kwanza? Kaka yako alisema, mdogo wangu anatupa neno kwa mafumbo, ofisini hawezi kusema wazi. Na Bosi wako akampigia mwenyewe. Akamwambia nenda, dada yako ameshakupa ishara, kiwanja nitakuuzia mimi."

Mizani alitafuta pa kushika, akashika nguzo. Mambo ya serikali na mikataba ofisini ni ya Bosi, faili zake hukaa chumbani kwake, yeye huletewa picha tu. Alikuwa ameyahesabu mabati ya watu wanaosubiri mafuriko, akayaita neema. Na kaka yake akadhani ni werevu. Kila mmoja alimwamini mwenzake, na mzee wa sauti ya chini akakaa katikati yao akiuza viwanja.

Nyie mnaosoma mtasema, sasa hasara iko wapi, si walipwe tu? Na Mizani naye alifikiri hivyo kwa dakika moja. Akamuuliza wifi ile fidia inalipwaje. Wifi akaeleza kwamba wathamini wanapita, wanakagua jengo, wanapaka namba nyekundu ukutani. Ukishapata namba unasubiri pesa.

"Na kinu chenu namba yake iko wapi?"

Wifi akapangusa tope mikononi. Akasema bado. Wathamini watarudi, Bosi amewahakikishia.

Mizani akatoka. Akaenda nyumba ya jirani, akachuchumaa mbele ya ile namba nyekundu, akaikwaruza kwa kucha. Ikabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Akatazama zaidi. Sehemu ya chini ya namba ilikuwa imefunikwa na matone ya tope lililoruka kutoka chini wakati wa mvua na kukaukia hapo, juu ya rangi. Akaenda nyumba nyingine, tope juu ya rangi. Akaenda nyingine tena, hivyo hivyo.

Tope lilikuwa juu ya rangi, ndugu zangu. Namba zilipakwa kabla ya mvua. Na kaka yake alihamia huku baada ya mvua kwisha.

Wenye nyumba hizi walikuwa wameshahesabiwa, wameshalipwa, wameshaondoka zamani. Mlango wa fidia ulifungwa kabla kaka mtu hajauza hata nyundo yake ya kwanza. Viwanja alivyokuwa akiuza Bosi ni viwanja vilivyokwisha kulipiwa, havina mwenyewe, vinasubiri maji.

Alirudi akamwambia wifi. Alimwambia kwa maneno machache, na aliona uso ule wa furaha ukizima. Wifi akakaa chini pale pale kwenye udongo, mikono mapajani. Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama mumewe anajua. Mizani akasema hawezi kuwa anajua.

"Basi wale wageni," wifi akasema.

"Wageni gani?"

Ndipo yakatoka yaliyobaki. Wageni aliokwenda kuwapokea kaka ni familia kutoka Kaskazini, lori zima, wameuza mifugo yao kuja kununua viwanja hapa. Bosi ndiye aliyewatuma. Na Bosi amekuwa akimpa kaka chochote kwa kila familia anayoileta, ndicho wanachokula siku hizi. Watu hawa wakisitasita huambiwa neno moja tu: Mizani mwenyewe ameliweka Bonde la kwanza, hata kaka yake wa damu amehamia, na mama yake mzazi yupo. Nani atabisha mbele ya mama mzazi?

Mizani aliona aibu ya moto. Hakuwa ameajiriwa kupima mikoa. Alikuwa chambo, na sasa chambo ni ukoo mzima.

"Mto umenyamaza," mama akasema kutoka kwenye kigoda chake.

Wakamtazama. Mama alikuwa ameinua kidole, ameinamisha kichwa. Wakasikiliza wote watatu. Asubuhi Mizani alikuwa amevuka pale akipiga kelele ili asikike. Sasa hapakuwa na sauti ya maji kabisa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui walikuwa wamesimama wapi walipoyasema hayo.

Kinu kile kiko kwenye ulimi wa ardhi kati ya mito miwili, tambarare, hakuna kilima. Kivuko ni kimoja. Mizani akamshika mama mkono mmoja, wifi akashika mwingine, wakaanza kushuka. Mama alitembea kwa kadiri ya magoti yake, hakulalamika, ila kila baada ya hatua kadhaa alisimama akasema ngojeni, nao wakangoja, na kila walipongoja Mizani alitamani kumbeba.

Walipofika, mawe hayakuwepo.

Yale mawe ya kuvukia, makubwa, ambayo asubuhi gari lilipita juu yake likiyumba, yalikuwa yamemezwa yote. Maji yalikuwa yametulia kimya, mapana, rangi ya chai. Jani moja kavu lilikuwa linaelea karibu na ukingo. Mizani alilitazama, akafikicha macho, akalitazama tena. Jani lilikuwa linakwenda juu, kule maji yanakotoka. Mto ulikuwa umegeuzwa.

Ng'ambo gari la ofisi lilikuwa limeegeshwa kivulini, Dereva ameegemea mlango, simu sikioni. Alimwona Mizani. Akasema maneno mawili kwenye simu, akakata. Sekunde hiyo hiyo simu ya Mizani ikaita.

"Binti yangu," ikasema ile sauti ya chini. "Uko upande gani wa mto?"

Hakumuuliza habari za safari. Hakumuuliza Bonde amelionaje. Mizani akajibu kwamba yuko upande wa kinu, na mama yake yuko naye. Akamsikia Bosi akishusha pumzi, kwa masikitiko ya mtu aliyemwagikiwa chai kwenye kitambaa cha meza.

"Nilisema urudishwe mapema. Watu wazima hamsikii."

"Ulijua kwamba bwawa linafungwa leo."

Bosi akasema gari bado linaweza kupita, ni refu, Dereva ameshapima kwa mti, lakini si kwa muda mrefu. Akasema kuna lori linakuja, limejaa watu waliovunja mji kwa sababu ya neno la Mizani, na watu wa Kaskazini ni wagumu, wamekataa kulipa mpaka wamwone yeye mwenyewe kwa macho. Alikuwa anapanga iwe mjini kesho. Sasa Mungu amewakutanisha hapa, basi na iwe hapa.

"Waambie mto umejaa tu, utashuka kesho, na Bonde ni la kwanza kama ulivyosema. Neno moja zuri. Dereva atavuka, atamchukua mama na wifi yako, mtakula mjini wote. Ukisema vingine, gari linarudi. Nami sitamlaumu Dereva, ana watoto."

"Watu hawa wana watoto pia."

"Hakuna atakayekufa, binti. Maji yanapanda taratibu, watayaona, watahama. Watapoteza mali tu. Mali hutafutwa."

Akakata simu. Na lori likatokea.

Lilikuja polepole, limeelemewa. Mabati mapya yamefungwa juu yanameremeta, magodoro, sufuria, mbuzi wawili, wanawake na watoto wamekaa juu ya mizigo. Na kwenye kiti cha mbele, mkono nje ya dirisha, kifua mbele, alikuwa kaka yake Mizani.

Alimwona dada yake ng'ambo, uso ukang'aa. Miezi yote hii alikuwa akilitumia jina lake, na leo mwenye jina amesimama pale kama shahidi aliyeitwa. Akaruka chini kabla lori halijasimama vizuri. Mto kwa kuwa ulikuwa umenyamaza, alizungumza kwa sauti ya kawaida na kila neno likavuka.

"Si niliwaambia? Huyo hapo, mdogo wangu. Na yule ni mama. Muulizeni mwenyewe."

Bado alikuwa hajatazama chini.

Mzee mmoja mfugaji akashuka, mrefu, fimbo mkononi. Akasogea mpaka ukingoni, akaichomeka fimbo yake kwenye udongo mkavu mbele ya miguu yake, akavua kofia.

"Binti, tumeuza ng'ombe wote. Hata wa maziwa. Nimewaambia hawa sitamsikiliza mtu mwingine ila wewe, maana wanasema umeilinganisha nchi nzima. Kati ya kwetu, na Milimani, na hapa, mtu aweke wapi watoto wake?"

Dereva alikuwa ameshaingia garini. Injini ilikuwa inaunguruma, pua ya gari imeelekezwa majini, yuko tayari. Alikuwa anamtazama Mizani mdomoni.

Mizani akamtazama mama yake. Wasomaji wangu, mimi nina mama. Sijui ningesema nini. Aliyaona yale magoti yaliyofungwa kanga, aliuona ule mkono unaomshikilia wifi, aliyaona maji yaliyoanza kulowesha pindo la nguo ya mama bila mtu yeyote kusogea. Neno moja zuri. Alikuwa amesema maneno mazuri maisha yake yote ya kazi, tena akalipwa.

"Mjibu mtu, mwanangu," mama akasema taratibu. "Ameuliza kwa adabu."

Mizani akasogea mpaka viatu vyake vya ofisini vikaingia majini.

"Rudini kwenu, baba," akasema. "Hapa pamekwisha. Nilihesabu mabati, sikuhesabu watu. Nyumba zote hizi hakuna anayekaa, wenyewe walilipwa wakaondoka kabla ya mvua. Hakuna atakayelipwa tena. Kaka, nisikilize na wewe, kinu chetu hakitapata namba. Bosi ametudanganya wote, na mimi nikamsaidia bila kujua. Maji ndiyo haya, bwawa limefungwa leo. Geuzeni lori."

Mtoto mmoja juu ya mizigo akauliza nini, akanyamazishwa. Mzee mfugaji akatazama chini, kwenye fimbo yake. Aliichomeka pakavu, na sasa ilikuwa imesimama ndani ya maji. Aliitazama kwa muda, akaing'oa, akaipangusa, akavaa kofia yake. Kisha akageuka akamwambia dereva wa lori neno moja, na lori likaanza kurudi nyuma.

Gari la ofisi nalo likarudi nyuma.

Kaka alikuwa amesimama katikati ya magari mawili, mdomo wazi, kama mtu aliyeamshwa ghafla kwa kofi. Alipoona gari la ofisi linageuka ndipo akili ikamrudi. Akalikimbilia, akashika kitasa, akapiga kioo kwa kiganja, akamwita Dereva ndugu yangu, akamwambia mama yangu yuko ng'ambo. Dereva alikuwa anatazama mbele. Gari likaongeza mwendo, likamburuta kidogo, likamwacha amepiga magoti kwenye vumbi.

Alipoinuka hakulitazama tena. Akatembea kurudi mtoni. Mara ya kwanza leo aliyatazama maji, akayaona yalivyo mapana, na hata kutoka ng'ambo Mizani alimwona akirudi nyuma hatua moja.

Mama akamshika Mizani mkono kwa nguvu ambayo Mizani hakujua kwamba mama bado anayo.

"Mwambie kaka yako asivuke," akasema. "Wewe anakusikiliza. Mwambie upesi."

Mizani akafungua kinywa. Lakini yule kaka, aliyeogopa hata maji ya kuoga, alikuwa ameshavua viatu.